Binti Niliyemwandika Mwizi

Mwaka 2016 nilimwandika binti wa miaka 19 kuwa ni mwizi na mtesaji wa mzee. Nilitia saini, nikagonga mhuri wa ofisi, barua ikaenda polisi. Hakuwa amemwibia mtu wala kumtesa mtu. Alikuwa akimtunza bibi mwenye demensia, ule ugonjwa wa ubongo unaoanza kwa kusahau na kuishia kwa mtu kushindwa kujilisha, na alikuwa akimtunza kwa ustadi ambao mimi, afisa ustawi wa jamii niliyesomea kazi hii, sikuwa nao. Nimekisimulia kisa hiki kwenye semina kadhaa kana kwamba kilimpata afisa mwingine. Kilinipata mimi, na nimechoka kumbebesha mtu asiyekuwepo.

Kata niliyokuwa nikifanyia kazi iko migombani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kule ambako mzee hukaa katikati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na watoto wake hukaa Dar es Salaam, Arusha na mbali zaidi. Desemba wanapanda wote, wanachinja, wanapiga picha, wanashuka kabla shule hazijafunguliwa. Anayebaki na mzee mwaka mzima ni dada wa kazi. Ametoka Singida, Dodoma, Iringa au Lushoto, ameletwa na mtu anayemjua mtu, ameambiwa atapika, atafua, atafagia uwanja na kumkatia ng'ombe majani. Hakuna anayemwambia kwamba huenda kazi yake ya kweli ikawa kuishi usiku na mchana na mtu ambaye akili yake inaondoka kidogo kidogo.

Bibi huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, na kata nzima ilimwita Mwalimu. Mwanawe mkubwa alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akiwa na uchungu wa kweli: mama amempigia akilia, anasema pesa yake ya kahawa imeibwa na kila usiku anafungiwa mlango. Kesho yake nilikwenda pamoja na mwenyekiti wa kitongoji.

Alitupokea vizuri mno. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya darasani, akaamuru chai iletwe. Alikuwa amevaa kitenge kisafi na sweta, nywele zimechanwa na kusukwa. Nilijiambia kwamba mtu nadhifu hivi hana tatizo la akili, na sikujiuliza ni nani aliyemsuka. Alitueleza habari za mwaka 1977, walimu walipoagizwa kuhakikisha kila mtoto wa umri wa shule anaingia darasani, na jinsi walivyofundisha wengine chini ya miti. Alitaja majina ya wanafunzi wake waliokuwa wakubwa serikalini. Katikati ya maneno hayo aliniuliza, "Mwanangu, kwenu ni wapi?" Nikamjibu. Tukaendelea, akaniuliza tena. Nikamjibu tena. Aliponiuliza mara ya tatu nilimjibu kwa tabasamu, nikidhani ni mapenzi ya wazee kwa wageni. Dalili ilikuwa imekaa mbele yangu inakunywa chai, nikaiona kuwa ni adabu.

Kuhusu pesa hakuyumba hata kidogo. Shilingi 200,000, za kahawa, aliziweka chini ya godoro, na hazipo. "Huyu mtoto ananiibia. Na usiku ananifungia nisitoke."

Binti aliitwa kutoka jikoni, akaja mikono imelowa, akasimama karibu na mlango. Alisema maneno machache, nami nimeyakumbuka hadi leo kwa sababu yalikuwa ya kweli yote: "Bibi anasahau. Pesa anaficha mwenyewe halafu hakumbuki. Usiku saa nane anaamka anavaa, anasema amechelewa shule." Kwenye daftari langu, pembeni ya maneno hayo, niliandika neno moja: utetezi. Kisha nilikagua mlango wa nje. Komeo lilikuwa limefungwa juu, mahali ambapo bibi asingelifikia kirahisi, na pembeni palining'inia kengele ya mbuzi kwa kipande cha waya. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni ili aamke bibi akigusa mlango. Nikaandika kwamba mzee anafungiwa ndani na kwamba mtuhumiwa amekiri.

Alilala mahabusu usiku mbili. Hakufunguliwa kesi kwa kuwa hapakuwa na ushahidi, ila familia ilikuwa imeshaamua, na barua yangu ndiyo iliyowapa nguvu. Alipandishwa basi la Singida bila mshahara wake wa miezi miwili, ikichukuliwa kwamba umefidia kilichoibwa. Jalada nililifunga kwa sentensi ambayo sisi maafisa tunaipenda: suala limetatuliwa.

Walikuja wasichana wengine wawili, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alituhumiwa, kila mmoja akaondoka. Wa pili aliachiwa na familia vidonge vya usingizi ampe bibi jioni. Bibi akawa anayumba mchana, anaanguka, na bado saa nane za usiku anaamka. Mvua za masika zilipofika, alfajiri moja alitoka. Mlango haukuwa na kengele tena, kwa kuwa mimi ndiye niliyeamuru itolewe. Walimkuta kwenye mfereji wa maji, upande wa njia iendayo shule aliyofundisha, ameloa mwili mzima, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. Hakufa siku hiyo. Alipata homa ya mapafu, akalazwa, na aliporudi nyumbani hakutembea tena.

Pesa zilionekana baadaye, mkwe wake alipokuwa akitafuta mbegu za maharage za kupanda. Zilikuwa ndani ya kopo la mbegu, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge kwa mafundo mawili, zote 200,000. Pamoja nazo kulikuwa na miwani ya bibi, funguo mbili za kabati na kipande cha chaki. Mkwe alinipigia simu. Nilimshukuru kwa taarifa. Sikufungua jalada. Hapo ndipo kosa langu lilipogeuka dhambi, kwa sababu kabla ya simu ile sikuwa najua, na baada yake nilijua nikanyamaza.

Nilikuja kuelewa nilichokuwa nimekiona nilipohudhuria mafunzo ya afya ya akili ya wazee pale Moshi. Mtaalamu alikuwa akieleza kwa utulivu, na mimi nilikuwa nikisikia nyumba ile ikielezwa. Alisema ubongo wa mtu mwenye demensia mara nyingi hushindwa kwanza kuhifadhi mambo mapya, huku ya zamani yakibaki imara kwa miaka. Ndiyo maana mzee anaweza kukueleza mwaka 1977 bila kukosea na asikumbuke kwamba alikuuliza kwenu dakika tano zilizopita. Alisema wengi hujikusanya mbele ya mgeni, hasa mgeni wa heshima. Salamu, utani na hadithi walizozizoea hubaki kwenye ulimi muda mrefu. Mgeni akishaondoka wanachoka na kuchafukwa, na anayeupokea uchovu huo ni yule aliyeko jikoni.

Kuhusu wizi alieleza jambo ambalo lingetakiwa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kata. Mzee anahisi kuna kitu kinamponyoka, basi anaficha kile cha thamani mahali salama. Kitendo cha kuficha hakibaki kichwani. Anapokwenda kutazama pale alipozoea kuweka, hapana kitu. Kwake yeye huo ni ushahidi kamili: niliweka hapa, hakipo, na ndani ya nyumba tuko wawili. Hasemi uongo. Anaamini kila neno, na analia machozi ya kweli. Na mtuhumiwa karibu kila mara ni yule anayemtunza, kwa sababu ndiye aliye karibu.

Kisha akataja utafiti wa Hai. Hai ni wilaya jirani yetu. Watafiti walipita katika vijiji 6 wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na hesabu iliporekebishwa kwa umri ikaonekana kwamba watu 6.4 katika kila 100 wana demensia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Maana yake, nilipoketi sebuleni kwa Mwalimu mwaka 2016 nikinywa chai, elimu iliyokuwa inatakiwa kumwokoa yeye na binti wa watu ilikuwa imeshapatikana kwa wazee wa migombani kama yeye, wilaya jirani tu na yetu. Haikuwa imefika kwenye meza yangu, nami sikuwa nimeitafuta.

Huko huko Hai, na Nigeria pia, ndiko kulikojaribiwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa kuwafikiria pia wazee ambao hawakusoma. Hakihitaji kalamu wala maandishi kwa anayepimwa. Unamuuliza leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Unamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Unamsomea maneno kumi na baadaye unamuuliza anayakumbuka mangapi. Unapanga njiti za kiberiti kwa umbo fulani na kumwomba afanye vilevile. Ni jambo la dakika chache. Hakitoi jibu la mwisho, kazi hiyo ni ya daktari, lakini kinakuambia usimame kwanza kabla ya kuandika barua. Kama ningemuuliza Mwalimu leo ni siku gani, badala ya kumuuliza nani kamwibia, yote yaliyofuata yangeweza kuchukua njia nyingine.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikosea, na nisingependa kujificha nyuma ya kutojua. Kutojua ni nusu tu ya sababu. Tulifundishwa kumwamini mzee na kumlinda, na mafunzo hayo yalikuwa na haki yake: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia heshima na ulinzi wao, na sote tulijua habari za vikongwe waliouawa kanda ya ziwa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Afisa aliyelelewa na habari hizo anapoingia kwenye nyumba yenye mzee na kijana, moyo wake umeshachagua upande.

Nusu ya pili ni mbaya zaidi. Nilimwamini bibi kwa sababu alikuwa Mwalimu, na sikumwamini binti kwa sababu alikuwa dada wa kazi wa darasa la saba. Kama maneno yale yale, "anasahau, anaficha mwenyewe, usiku anataka kwenda shule," yangesemwa na muuguzi aliyevaa sare, ningeyaandika kuwa ni taarifa. Yaliposemwa na msichana mwenye mikono iliyolowa, niliyaandika kuwa ni utetezi. Maelezo yake ya dalili yalikuwa sahihi kuliko yangu, na yalikuwa ya mtu aliyekesha nazo.

Kuna zaidi. Baadaye niliposoma miongozo ya kuwatunza watu wenye demensia, nilikutana na binti yule kila baada ya kurasa chache. Miongozo inasema usibishane na mgonjwa. Ingia kwenye hisia aliyonayo, kisha mwelekeze taratibu kwingine. Yeye, Mwalimu alipoamka saa nane akitafuta chaki, hakumwambia kwamba alistaafu zamani. Alimwambia, "Mwalimu, leo Jumapili, shule imefungwa," akampa uji wa moto kidogo, bibi akarudi kitandani ameridhika. Wapo wataalamu wanaosita kumwambia mgonjwa jambo lisilo kweli hata kwa wema, na hoja yao naiheshimu. Ila saa nane za usiku, peke yako, na mzee anayetetemeka kwa hofu ya kuchelewa kazini, sijapata kusikia jibu bora kuliko lile. Miongozo inashauri alama au sauti kwenye mlango ili mtunzaji aamke, kuliko kumwacha mgonjwa atoke gizani. Yeye alitafuta kengele ya mbuzi. Kumfungia mzee peke yake na kuondoka ni hatari kubwa, moto ukitokea hana pa kutokea. Lakini binti huyu hakuondoka. Alikuwa akilala kwenye mkeka sebuleni, hatua chache kutoka kwenye ule mlango. Sikumuuliza alikuwa akilala wapi. Siku hizi ndilo swali langu la kwanza kwa kila mtunzaji: unalala wapi, na unalala saa ngapi?

Majibu yake yanatisha. Wengi hulala vipande vipande, na asubuhi wanadaiwa chai, ng'ombe na uwanja uliofagiliwa. Mtu asiyelala atakuja kupiga kelele, atamvuta mzee mkono kwa nguvu, na siku hiyo ndipo sisi tutakapoitwa kuandika kuhusu mateso. Sipunguzi uzito wa mateso; yapo, nimeyaona, na anayempiga mzee lazima awajibike. Nasema mengi kati ya hayo yangezuilika miezi mingi nyuma kwa usiku mmoja wa mapumziko kila wiki.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaeleza kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa na demensia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kila mwaka wanaongezeka wapya karibu milioni 10. Shirika hilo hilo linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza hutolewa na wanawake. Kwetu wanawake hao wana majina yanayojulikana: mkwe aliyeacha biashara yake, mjukuu aliyekatishwa shule, dada wa kazi. Tunapozungumza kuhusu kuandaa watumishi wa huduma za matunzo, mawazo hukimbilia vyuo, vyeti na vituo vya kulelea wazee. Vituo tulivyonavyo ni vichache na vitabaki vichache. Nguvukazi ya kutunza wazee wetu imeshaajiriwa tayari, iko jikoni, na haijawahi kuitwa kwenye semina hata moja. Walioitwa ni sisi.

Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga kuwafikisha 137,294 ndani ya miaka 5. Hao watabisha hodi kwenye nyumba ambazo mimi nilikuwa nafika baada ya mambo kuharibika. Naomba, kwa moyo wangu wote, ndani ya mafunzo yao demensia ipewe saa zake za kutosha, ifundishwe kwa vitendo, na wafundishwe kuzungumza na anayemtunza mzee akiwa peke yake, nje, mzee asisikie na familia isisikie. Wafundishwe pia tofauti moja inayookoa maisha. Demensia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au mwili umekauka maji, na anatakiwa hospitali leo hii, kwa sababu hayo yanatibika. Na kwa wale ambao usahaulifu wao ni wa taratibu, bado daktari anapaswa kuwaona: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au sonona vinaweza kuvaa sura hiyo hiyo. Tulimnyima Mwalimu hata nafasi ya kupimwa. Tulikuwa tunashughulika na wizi.

Vidonge vya kumtuliza mzee navyo visiachiwe familia kama dawa ya kikohozi. Vya usingizi humwangusha mzee, kama vilivyomwangusha Mwalimu. Vile vinavyotumika kutibu magonjwa makali ya akili vina hatari yake tena: Marekani ilitoa onyo rasmi mwaka 2005 kwamba baadhi yake huongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi kwenye vile vya zamani. Daktari anaweza kuvihitaji kwa sababu maalumu na kwa muda mfupi. Kumpa mzee kidonge ili dada wa kazi apate usingizi ni kumalizia tatizo la ajira kwenye mwili wa mgonjwa.

Ipo njia nyingine, na hiyo nayo imejaribiwa Hai: wazee wenye demensia ya mwanzo na ya kati hukutana kwa vikundi, vikao 14 katika wiki 7, wakizungumza, wakiimba, wakitaja vyakula na kazi za ujana wao, wakitumia kile ambacho bado wanacho. Haiponyi ugonjwa, kwa kuwa hadi sasa demensia kama ya Alzheimer haina tiba ya kuiponya, lakini iliwapa wazee wale nafuu iliyopimika. Nikisoma kuhusu vikao hivyo namwona Mwalimu akiwa mbele, akifundisha. Angefurahi sana.

Kwa wenzangu wa ofisi za kata, madawati ya jinsia na watoto, na viongozi wa vitongoji, nina ombi ambalo halihitaji bajeti. Mzee akileta tuhuma dhidi ya anayemtunza, mlinde mzee siku hiyo hiyo. Mwondolee hatari kama ipo. Lakini msimwadhibu mtu kabla kumbukumbu za mzee hazijapimwa na kabla hamjarudi tena nyumbani hapo bila taarifa, jioni, jua linapozama, wakati ambao wengi wao huchafukwa. Muulizeni jirani kama mzee huonekana njiani saa zisizo za kawaida. Tazameni sufuria zilizoungua. Muulizeni binti ni mbinu gani anatumia, na mkae kimya asikie kwamba mnamsikiliza.

Na mnaolipa mshahara, kuna jambo nalisema kwenu bila kuzunguka. Yule mtoto alikuwa akilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi kwa kazi ya mchana na ya usiku. Huwezi kumpa mtu mzigo huo kwa malipo hayo, bila siku ya kupumzika, bila mkataba hata wa ukurasa mmoja, halafu ukashangaa kwamba watatu wameondoka ndani ya mwaka. Kila anapoondoka mmoja, mzee anaanza upya na sura ngeni, hofu inaongezeka, na tuhuma nazo zinaongezeka. Anayemtunza mama yako vizuri ni mtaalamu. Mlipe hivyo, na aliyekaa mwaka mmoja na mzee mwenye demensia aitwe kufundisha wanaoanza. Darasani kwetu hatuna mwalimu bora kuliko huyo.

Nilimtafuta binti yule nikiwa nimeshachelewa sana. Namba yake haikupatikana. Nilimpata kupitia mwanamke aliyemleta Moshi, ambaye kwa ajili ya barua yangu alikuwa amekataa kumdhamini kwa kazi nyingine yoyote. Alikuwa kwao Singida, anauza mboga, ana mtoto mdogo. Nilijitambulisha kwenye simu, akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani imekatika. Nilimwambia pesa zilipatikana kwenye kopo la mbegu, kwamba alisema kweli tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi ndiye niliyemwandika vibaya. Hakunitukana. Aliuliza, "Bibi hajambo?" Nilipomwambia alifariki mwaka 2018, alilia, kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa usiku nani alikuwa anamwambia kwamba shule imefungwa?"

Familia ilimtumia mshahara wake wa miezi miwili na nyongeza. Mwana mkubwa mwenyewe alimpigia, akamwita mdogo wangu, akamwomba radhi. Mimi nilimwandikia mtendaji wa kijiji chake barua yenye mhuri ule ule uliomwita mwizi, nikieleza kwamba tuhuma zilikuwa za uongo, kwamba kosa lilikuwa la ofisi yangu, na nikaomba isomwe mbele ya watu. Ilisomwa. Jalada nililifungua, nikaandika yaliyotokea, na sentensi ile ya mwisho nikaifuta. Hayo hayamrudishii usiku mbili za mahabusu wala miaka aliyoitwa mwizi wa Moshi.

Maafisa wenzangu, fungueni majalada yenu ya zamani. Tafuteni yale yaliyoandikwa wizi, yale yaliyoandikwa kumfungia mzee, yale yaliyofungwa haraka kwa sababu mlalamikaji alikuwa mtu wa heshima na mlalamikiwa ni mtoto wa watu asiye na wa kumsemea. Kama mzee huyo yuko hai, mpelekeni akapimwe. Na kama kuna binti aliyeondoshwa kwa barua yenu, mtafuteni, mwombeni radhi kwa jina lake, na hakikisheni analipwa.